Kilipatikana na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliichapisha wiki iliyopita. Alisema mjadala wa kurudisha vitu vya kale vilivyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani ni kupoteza muda, kwa kuwa vitu hivyo "vilipatikana zamani", viko salama huko viliko, na mtu yeyote anaweza kwenda kuvitazama. Nimeisoma barua yake mara tatu. Sina ugomvi naye, na naamini aliandika kwa nia njema. Lakini lile neno moja, vilipatikana, limeninyima usingizi, na ningependa nieleze sababu.

Nilikuwa karani wa rejista katika jumba la makumbusho kwa miaka 26. Ni kazi ambayo mgeni aliyekata tiketi haioni. Kitu kinapoingia hupewa nambari, nambari ikaandikwa kwa wino mahali pasipoonekana, chini ya kitako au nyuma ya mpini. Halafu hujazwa kadi: jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, urefu, upana, kimetoka wapi, kimeingia lini, na kimeingia kwa njia gani. Katika kadi tulizorithi kwa waliotutangulia, nafasi ya swali hilo la mwisho ilikuwa finyu kuliko zote. Vidole viwili vya mkono wangu viliifunika.

Mwaka wangu wa tano kazini tuliagizwa kunakili kadi zote za zamani kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Neno la Kiingereza lililokuwa likijirudia katika nafasi ile finyu nililiandika "kilikusanywa". Mwenzangu wa meza ya pili, mtu aliyekuwa makini sana na lugha, akanisimamisha. Tunakusanya kuni, akasema, tunakusanya kodi, tunakusanya taka. Kiti cha mzee wa watu kinakusanywaje? Nikaona ana haki. Nikabadilisha nikaandika "kilipatikana", na neno likakubaliwa na kila mtu, mimi wa kwanza. Nimeliandika mara elfu kadhaa kwa mkono huu huu ninaouandikia barua hii.

Waliosoma sarufi shuleni watakumbuka kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Ukisema kitu kilichukuliwa, anayekusikiliza anabaki akingoja: na nani? Ukisema kilipatikana, hangoji chochote. Maji yamemwagika, mlango umefunguka, kiti kimepatikana. Hakuna aliyefanya jambo lolote. Kiswahili kilinipa njia ya kuficha kile ambacho Kiingereza nacho kilikuwa kimekwisha kukificha, na nilifanya hivyo bila hata kujua.

Kilichonizindua ni kigoda. Walikuja ndugu wawili, watu wazima, wajukuu wa mzee aliyekuwa kiongozi wa watu wake enzi za ukoloni. Walikuwa wamekiona kigoda kile ukumbini wakaomba kuona kadi yake. Nikaitoa. Iliandikwa: "Zawadi ya mwenyewe", na mwezi, na mwaka. Yule mkubwa aliisoma kimya, akafungua bahasha ya kaki, akaniwekea mezani nakala ya hukumu ya mahakama. Mwezi ule ulioandikwa kwenye kadi, babu yao alikuwa anatumikia mwezi wa nne wa kifungo chake, mbali kabisa na kwake. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Mtu aliye gerezani anatoaje zawadi ya kiti chake?"

Sikuwa na jibu. Nilipeleka jambo lile kwa wakubwa wangu, nikaambiwa rejista ni waraka wa serikali, haibadilishwi kwa maneno ya wageni. Wale ndugu waliondoka na bahasha yao. Usiku kabla ya kufunga nilichukua penseli nikaandika nyuma ya kadi: "Tazama hukumu. Mwenyewe alikuwa gerezani", na herufi za jina langu. Hicho ndicho nilichothubutu kukifanya, na najua ni kidogo mno.

Tangu siku ile nilianza kusoma kila nilichoweza kukipata kuhusu njia ambazo vitu viliingilia katika majumba makubwa ya dunia. Si hoja ya siasa iliyonisukuma. Nilitaka kujua kama kadi za wenzangu wa London, Paris na Berlin zilikuwa na penseli nyuma.

Chukua Maqdala. Aprili 1868 jeshi la Waingereza liliivamia ngome ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia, naye akajiua asiangukie mikononi mwao. Vilivyobebwa kutoka pale vilihitaji tembo 15 na nyumbu karibu 200. Kisha, kwenye uwanda wa Dalanta, jeshi likafanya mnada wa siku mbili, fedha wakagawiwa askari. Katika msafara ule alikuwapo Richard Holmes, mtumishi wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, aliyetumwa mahususi, naye alinunua kwa niaba ya jumba. Kwa hiyo karani mwenzangu wa London angeweza kujaza kadi yake "kilinunuliwa", bila kudanganya hata herufi moja. Kweli kilinunuliwa. Kilinunuliwa kwa mporaji, siku chache baada ya uporaji, na mnunuzi alikuwepo pale pale.

Au Kéméni, kijiji cha nchi inayoitwa leo Mali, Septemba 1931. Msafara wa wanasayansi wa Kifaransa ulioongozwa na Marcel Griaule, uliokuwa ukivuka Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti, ulikitaka kitu kitakatifu cha hekalu la kono, chama cha siri cha ibada. Wazee wakasita. Griaule akatishia kwamba mkuu wa kijiji na wazee wake watapelekwa kwa polisi wasipokitoa, akaweka faranga 10 kama malipo, na kitu kikabebwa. Tunayajua haya kwa sababu katibu wa msafara, Michel Leiris, aliyaandika katika shajara yake, pamoja na jinsi yeye mwenyewe alivyoshiriki. Msafara ule ulirudi Paris na vitu zaidi ya 3,000. Faranga 10 ni ununuzi? Kwa kipimo cha nafasi ya vidole viwili, ni ununuzi.

Ufalme wa Benin, ulioko katika Nigeria ya leo, ni hivyo hivyo. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza liliteketeza mji, likamhamishia mfalme wake, Oba Ovonramwen, Calabar, na maelfu ya vitu vya shaba na pembe vikaishia London, vingi vikauzwa kufidia gharama za uvamizi wenyewe. Makumbusho ya Ujerumani yakanunua kwa wingi, na yakawa na risiti. Miaka zaidi ya 120 yalizishika risiti zile kama ngao. Mwaka 2022 Ujerumani ilizitua, ikasaini makubaliano ya kuhamishia umiliki Nigeria, na Desemba ya mwaka huo vitu 20 vya kwanza vikafikishwa Abuja. Risiti zilikuwa halali siku zote. Ila hatimaye mtu aliuliza aliyeuza alikipata wapi.

Sisemi kwamba kila kitu kirudi. Nimeshika kadi nyingi za vitu vilivyouzwa kwa hiari na mafundi waliovichonga ili wauze, na vitu hivyo ni mabalozi wazuri huko viliko. Kuvidai ni kumdhulumu fundi aliyelipwa. Na ipo ile mifano inayonitesa, kama kiti cha enzi cha Bamum kutoka Cameroon, kilichopambwa kwa shanga, ambacho Sultani Njoya alimpa Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani mwaka 1908. Njoya alikuwa mtu mwenye akili nyingi na hesabu zake za kisiasa, na huenda aliona zawadi ile inamfaa. Lakini mtawala aliye chini ya mtawala mwingine, mbele ya maofisa waliokitamani kiti chake kwa miaka, uhuru wake wa kusema hapana ulikuwa na ukubwa gani? Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi na bado sijalipatia hukumu. Ninachojua ni kwamba "zawadi" peke yake haitoshi. Kigoda nacho kilikuwa zawadi.

Msomaji mwenzangu anasema mtu yeyote anaweza kwenda kuvitazama. Naomba anisikilize hapa kwa utulivu, maana hoja hii ndiyo inayowavuta wengi. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina vitu vipatavyo milioni 8. Vilivyo mbele ya macho ya wageni kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia moja. Vingine vyote viko ghalani. Ngoma ya Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita na ikaingia katika jumba lile mwaka 1908. Ni ngoma iliyokuwa ikisikika maili nyingi, nayo imekaa stoo, kimya, miaka yote hii. Na ziko tabot 11 za Kanisa la Ethiopia, mbao na mawe yanayowakilisha Sanduku la Agano, ambazo kwa imani ya wenyewe haziruhusiwi kuonwa na yeyote ila makasisi. Jumba linaliheshimu sharti hilo: zimefungiwa chumba ambacho hata watumishi wake hawaingii. Haziwezi kuoneshwa, haziwezi kuchunguzwa, haziwezi kupigwa picha. Mimi niliyefanya kazi ya ghala nauliza kwa dhati: kitu ambacho huwezi kukitazama wala kumwonesha mtu, unakihifadhi kwa ajili ya nani?

Kuhusu usalama. Agosti 2023 jumba hilo hilo lilitangaza kwamba vitu vyake vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa. Baadaye ikasemwa ni kama 2,000. Vito vidogo vya kale vilikuwa vikiuzwa kwenye intaneti kwa bei ya kutupa. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale kutoka Denmark alikuwa amewaonya tangu 2021, wakamjibu kwamba hakuna tatizo. Jumba lenyewe likasema linaamini mhusika alikuwa mtu wa ndani, na mtumishi mmoja akafukuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini wizi ungeweza kutokea popote, na sitamnyooshea kidole mtu kwa kuibiwa. Lililonishtua kama karani ni sababu ya wizi ule kutogundulika mapema: vingi kati ya vile vilivyoibwa havikuwa vimeorodheshwa ipasavyo. Havikuwa na kadi! Huwezi kujua umepoteza kitu ambacho hukuwahi kukiandika.

Na sisi tusijifanye malaika. Kati ya 1976 na 1982 jumba la Tervuren la Ubelgiji lilikabidhi vitu 114 kwa makumbusho ya Zaire, Kongo ya leo. Baadhi yake baadaye vilitoweka Kinshasa na kuonekana tena mikononi mwa wauzaji. Wapinzani wa urejeshaji huutaja mfano huu kila mara, na wana haki ya kuutaja. Mimi nausoma kwa jicho la kazi yangu: ghala lisilo na rejista iliyo wazi huvuja, liwe London au Kinshasa. Jibu la uvujaji ni kuorodhesha hadharani, kila mahali, ili kitu kikitokea sokoni mtu yeyote aseme, hiki nakijua, nambari yake ni hii.

Maana rejista mbovu haimwumizi mwenye jumba. Inamwumiza anayekuja kuuliza. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki mwaka 1898 na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, na lilirudi kwa njia gani? Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda Bremen, akakuta ghala la mafuvu yapatayo 2,000, ikabidi yapimwe kwa kulinganisha na vipimo vya vichwa vya ukoo wa Mkwawa walio hai mpaka likachaguliwa moja. Hakukuwa na jina. Fuvu lile liko Kalenga leo, limepokelewa kwa heshima inayostahili, na bado wapo wanahistoria wenye shaka kama kweli ni lake. Miezi sita ikawa miaka 35, na mwisho wake ni kukadiria, kwa sababu mtu fulani aliyekuwa na kazi kama yangu hakujaza nafasi moja kwenye karatasi.

Berlin nako yalichunguzwa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi mno yakiwa ya Rwanda, zaidi ya 200 ya Tanzania, na machache ya Kenya. Mwaka 2023 vipimo vya DNA vilionesha kwamba baadhi yao wana ndugu walio hai Tanzania. Ndugu walio hai! Watu wenye majina, wanaolala na kuamka, ambao babu yao alikuwa nambari kwenye kabati.

Penye rekodi, mambo huenda tofauti kabisa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, pwani ya Kenya, akiwa amesimama karibu na vigango viwili, nguzo za mbao za ukumbusho, alivyovisimika kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy aliona kimojawapo kwenye picha za mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Cha pili kikapatikana katika jumba la Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudi, ingawa mzee mwenyewe hakuishi kuviona. Hapo nimetumia "kikapatikana" na sioni haya, kwa sababu safari hii kilipatikana kweli: kilitafutwa, kikapatikana. Picha moja ilifanya kazi ambayo kadi zote za wauzaji na wafadhili hazikutaka kuifanya.

Nimalizie na hili la mkopo, ambalo sasa limekuwa fasheni. Mwaka 1874 Waingereza walipora dhahabu ya kasri la ufalme wa Asante huko Kumasi, katika Ghana ya leo. Mwaka 2024, baada ya miaka 150, vitu 32 vya Asante, vingi vikiwa vya uporaji huo, vilipelekwa Kumasi na majumba mawili ya London kwa mkopo wa miaka mitatu. Nilizitazama picha za watu wakivipokea nikafurahi pamoja nao, na simlaumu aliyesaini upande wa Asante. Mtu aliyekaa na kiu miaka 150 hagombani na kikombe. Lakini mkopo una hati, na kwenye hati mkopaji hukiri kwamba kitu si chake. Tunaambiwa sheria ya Uingereza ya 1963 inalifunga Jumba la Makumbusho la Uingereza mikono lisitoe mali yake. Jumba hilo hilo, miaka ya 1950, liliiuzia serikali ya Nigeria baadhi ya vibao vya shaba vya Benin, likisema ni nakala za ziada. Waliweza kuviuza. Sheria ile ilitungwa na bunge, na bunge bado lipo. Ufaransa nayo ilikuwa na sheria ya kufunga mikono, hadi Desemba 2020 bunge lake lilipopitisha nyingine, na Novemba 2021 hazina 26 za kasri za kifalme za Abomey zilizobebwa na jeshi la Jenerali Dodds mwaka 1892 zikarudi nchi inayoitwa leo Benin, si ule ufalme wa Nigeria, moja kwa moja, si kwa mkopo.

Kwa hiyo ombi langu kwa msomaji mwenzangu, na kwa yeyote mwenye sauti katika majumba haya, ya kwao na ya kwetu, ni kwamba rejista zifunguliwe. Si orodha za picha nzuri za kuuzia postikadi. Nasema kadi zenyewe, mbele na nyuma, pamoja na penseli za makarani. Na pale nafasi ya mwisho inaposema kilipatikana, kilikusanywa au kilitolewa, mwenye jumba ndiye awe na mzigo wa kueleza na nani, kutoka kwa nani, na aliyekitoa alikuwa wapi siku hiyo. Akishindwa kueleza, kirudi, na kirudi na umiliki wake. Hadi leo tumewatwisha mzigo huo wajukuu wenye bahasha za kaki.

Kigoda kile bado kiko ghalani. Nilikiona mara ya mwisho wiki niliyostaafu. Nambari yake naijua kwa moyo. Yeyote mwenye mamlaka ya kufungua kabati lile akiniita, nitakwenda siku hiyo hiyo, na nitasema mbele ya wale ndugu wawili kwamba maandishi ya penseli nyuma ya kadi ni yangu.

Karani mstaafu wa rejista ya makumbusho